Waliolisukuma Gari Letu

Taa nyekundu ya betri iliwaka tukiwa katikati ya watu. Anuar aliigonga dashibodi kwa kidole, polepole, kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa, ikazimika. Akakanyaga breki kumpisha mwanamke aliyebeba godoro kichwani, ikawaka tena.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Niangalizie hizo taa. Macho yangu yako kwa watu, nisije nikamgonga mtu."

Watu walijaza barabara kutoka mtaro huu hadi mtaro ule, wote wakielekea tulikoelekea sisi, magharibi, na kigari chetu kilikuwa kati yao kama kokoto ndani ya maharage. Kilikwenda mwendo wa mtu aliyechoka. Vioo tulikuwa tumevipandisha kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu nyingine ambayo hatukuitaja. Mabunda na masufuria yalisugua milango. Kila mara kiganja cha mtu kiliegemea kioo cha upande wangu, kikatafuta nguvu ya hatua nyingine, kikaacha alama kwenye vumbi, kikapita.

Ilikuwa Desemba ya mwaka tisini na sita. Ilitangazwa kwamba mwaka usiishe kabla wakimbizi wa Kinyarwanda hawajarudi kwao. Wengi wao, badala ya kwenda mpakani, Rusumo darajani, walitoka makambini wakashika njia ya mashariki, wakaingia mapori ya Biharamulo wakiamini kwamba mbele huko ipo nchi nyingine itakayowapokea. Askari wakawageuza. Sasa walikuwa wanairudia barabara ileile kwa miguu ileile. Sisi tulikuwa tumekwenda Biharamulo kumwona wifi aliyejifungua, na tuliporudi tuliwakuta mbele yetu: kikundi kimoja, tukakipita, kisha kingine, kisha hapakuwa tena na pa kupita. Anuar alipotazama nyuma ili ageuze, nyuma napo palikuwa pameshajaa.

Tulichohitaji ni kufika njia panda ya Benaco. Pale barabara ya Ngara inakata kushoto, na wale watu walikuwa wanaendelea mbele hadi darajani. Basi. Gari litembee mpaka njia panda, likate kushoto, turudi nyumbani.

Ndani ya gari lile nilikuwa Swabaha, mke wa Anuar Makame, fundi umeme wa magari wa Ngara mjini. Nje ya gari nilikuwa Ineza, binti wa Consolatha, niliyelivuka daraja la Rusumo mwaka tisini na nne pamoja na mama yangu na bunda moja la nguo. Cheti cha ndoa kilikuwa nyumbani, kwenye sanduku la mama mkwe, na hata ningekuwa nacho mkononi sidhani kama kingefaa kitu, maana siku ile hakuna aliyesoma karatasi. Nyuma kidogo tulikuwa tumeona askari wakiisimamisha pikapu ya mfanyabiashara. Waliwasemesha waliokaa nyuma, mmoja mmoja. Wanawake wawili walijibu vibaya, au walijibu vizuri kwa lafudhi mbaya, wakateremshwa. Hawakupigwa. Waliambiwa watembee na wenzao, wakaanza kutembea.

Kwa hiyo nilikaa, mikono mapajani, nikaziangalia taa.

Kazi ile niliijua. Ndivyo tulivyokutana, mimi na Anuar. Alikuja kambini Benaco kutengeneza lori la maji ambalo taa zake zilikuwa zinajiwashia zinavyotaka, na alihitaji mtu wa kukaa kwenye usukani wakati yeye yuko chini. Mimi nilikuwa kwenye foleni na ndoo zangu. Alinionyesha kwa mikono: panda, kaa, kanyaga hapa. Kisha akaingia uvunguni, na sauti yake ikawa inatoka chini ya miguu yangu: "Inawaka?" Sikujua Kiswahili. Alitoka, akanionyesha taa iliyowaka na iliyozimika, akarudi chini. Maneno yangu ya kwanza ya lugha hii yalikuwa inawaka, haiwaki, imefifia.

Mama aliona yote kutoka kwenye foleni. Siku kadhaa baadaye tulikuwa tukipepeta mahindi.

"Lile lori limepona tangu juzi," alisema. "Lakini fundi bado analitengeneza."

Anuar alipotuma wazee wake, watu wengi kibandani kwetu walinung'unika. Dini nyingine, kabila jingine, nchi nyingine. Mama aliwasikiliza wote, kisha akanivuta pembeni. "Nenda," alisema. "Mmoja wetu alale kwenye nyumba yenye mlango." Sisi mlango wetu ulikuwa kipande cha turubai. Nikaenda. Nikapewa jina jipya, nikalipenda; nikapewa chumba chenye komeo la chuma, nikalipenda zaidi. Kila nilipopata nafasi nilirudi kambini kumwona mama na sukari na sabuni. Hakukubali kuja kuishi kwetu. Alisema mtu hamfuati binti yake alikoolewa kama mbuzi anayefuata chumvi.

Watu wa makambini walipoanza kutoka, mimi na Anuar tulikwenda kumchukua kwa nguvu ikibidi. Tulikuta majivu na mafiga. Hakuna aliyejua amekwenda na kundi gani. Ndiyo maana pale barabarani, wakati nilipaswa kuangalia taa, nilikuwa naangalia nyuso. Kila mwanamke wa umri wake aliyekuja upande wangu nilimtazama mpaka anapita. Wao hawakunitazama. Mtu anayetembea namna ile hatazami ndani ya magari.

Anuar aliwasha indiketa ya kushoto ili asogee kando kidogo, na hapo nikaona kitu.

"Mshale wa mafuta unacheza," nikamwambia.

"Unachezaje?"

"Indiketa ikiwaka unashuka. Ikizima unapanda."

Alizima indiketa, mshale ukatulia. Akawasha taa kubwa, mchana ule wa jua kali, na taa ya oili, ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kuwaka, ikawaka kwa mbali kama kaa linalokaribia kufa.

"Si altaneta," alisema. Alizungumza kwa utulivu. Ndivyo alivyozungumza akiwa na hofu. "Altaneta ikifa, betri haichajiwi, taa yake inawaka na inakaa. Hizi zinasumbuana. Moja ikila umeme, nyingine inapungukiwa. Kuna mahali waya wa ethi umeachia."

Waya wa ethi ndio unaoufungulia umeme njia ya kurudi kwenye betri baada ya kufanya kazi yake. Alikuwa amenieleza zamani. Ukiachia, umeme haukai tu. Unajipenyeza popote, kwenye taa zisizohusika, kwenye mishale, kwenye nyaya zisizo zake.

"Tutafika?"

"Lisipozimika, tutafika."

Lilizimika. Mzee mmoja alijikwaa mbele yetu akaanguka na mzigo wake, Anuar akakanyaga breki kwa nguvu, injini ikatetemeka, ikakata. Akageuza ufunguo. Tak. Taa zote za dashibodi zikafifia kwa pamoja. Akageuza tena. Tak. Mzee akainuliwa na wenzake, akaendelea na safari. Sisi tukabaki.

Anuar alilazimika kuusukuma mlango dhidi ya watu ili atoke. Aliufunga haraka, akafungua boneti, na kuanzia hapo sikumwona tena. Mbele yangu palikuwa na bati jekundu, ukuta mzima. Kulia watu, kushoto watu. Jasho lilinitiririka mgongoni, kitambaa cha kiti kikaninata. Sikuthubutu kushusha kioo.

"Washa swichi," sauti yake ilikuja kutoka nyuma ya bati. "Zipi zimewaka?"

"Betri na oili."

"Kali au zimefifia?"

"Zimefifia."

Nilisikia akitikisa vichwa vya betri. "Sasa?"

"Vilevile."

Akagonga kitu kwa spana. "Sasa?"

"Vilevile."

Na kati ya swali na swali niliwasikia watu. Kioo hakikuweza kuzuia. Mwanamke mmoja alikuwa akiita watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kisha anarudia tangu mwanzo. Wanaume wawili walikuwa wakigombana kuhusu mbuzi waliyemwacha njiani. Mtu alikuwa akisali rozari kwa sauti ya kukoroma. Tangu niolewe sikuwa nimeisikia lugha yangu ikisemwa na watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja. Ilinizunguka pande zote, nami nilikuwa nimekaa katikati yake, mdomo nimeufunga.

Kisha kioo kikagongwa kwa ncha ya kidole. Askari. Kijana, midomo imepasuka kwa jua, bunduki begani. Nilishusha kioo kiasi cha kiganja.

"Mnatoka wapi, dada?"

Jibu lilikuwa Biharamulo. Neno lile lina r na lina l, na ulimi wangu, hata leo, hauaminiki kwenye hizo mbili.

"Kumwona wifi," nikasema. "Kajifungua."

"Ni mke wangu!" Anuar akadakia kutoka mbele. "Sisi ni wa Ngara mjini, afande, ukoo wa Mzee Makame!"

"Nimemuuliza yeye." Aliniinamia. "Wifi yako yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa amenifundisha neno lile uani kwake, tukichambua mchele, mpaka sote tukacheka. Nikalisema. Lilitoka sivyo. Nilisikia mwenyewe lilivyotoka.

Askari alinitazama. Kule kwetu Ngara, wenyeji wengi nao wanazichanganya herufi hizo, Wahangaza na Wasubi, wake kwa waume, na nadhani alikuwa amekaa wilayani muda wa kutosha kulijua hilo. Hakuwa na hakika. Niliiona ile shaka ikipita usoni mwake, na nikajua kwamba ndiyo hiyo tu iliyonishikilia kwenye kile kiti.

"Gari limeziba njia," alisema hatimaye, akimgeukia Anuar. "Nikienda pale nikirudi nikalikuta hapa, linaingia mtaroni. Na ninyi mtatembea kama wengine. Sitauliza tena nani wa wapi."

Mwenzake alimwita kutoka mbele, "Shilinde!", akaondoka.

Anuar alichungulia pembeni ya boneti. Uso wake ulikuwa na grisi na macho yamekuwa mekundu. "Geuza stata," aliniambia. "Shikilia hapohapo, usiachie mpaka niseme."

Nilishikilia. Tak, kisha kimya, kisha harufu ya plastiki inayoungua. Uzi mwembamba wa moshi ulipanda juu ya bati.

"Achia! Achia!" Akatukana, kisha, ajabu, akacheka. Alikuja dirishani akipuliza vidole. "Kebo ya mafuta imeniunguza. Ile inayotoka kwenye pedali ya mafuta. Ile haina kazi na umeme hata kidogo, unaelewa? Stata imekosa pa kupitishia umeme wake, ikaupitisha huko. Nimeipata. Ni ethi ya injini, imekatika kwenye boliti."

Alikuwa na sanduku la vifaa, lakini waya mnene wa kuziba pengo lile hakuwa nao. Alichukua nyaya nyembamba alizokuwa nazo, akazisokota pamoja kama wanawake wanavyosuka ukindu, akazifunga upande mmoja kwenye injini na mwingine kwenye bodi.  Kisha akafunga boneti, na mbele yangu pakawa na watu tena, migongo yao, mabunda yao, na kwa mbali mlima mdogo wa barabara.

"Hizi zitatosha gari likishawaka," alisema. "Lakini stata ya kuwashia hazitaweza kuibeba, zitaungua. Lazima tulisukume."

"Nani atasukuma?"

"Mimi na nitakaowapata. Wewe utaendesha."

Alikuwa amenifundisha kwenye uwanja wa mpira wa Ngara, siku ambazo hapakuwa na mechi wala watu. Sikuwahi kuendesha mahali penye hata kuku. Lakini kulikuwa na nini cha kubishana? Nilivuka juu ya gia nikahamia usukanini, maana kufungua mlango sikutaka.

Anuar alianza kuwaomba watu. "Jamani, tusaidieni. Ndugu zangu, kidogo tu." Walimpita. Hawakuwa wabaya. Ukiutua mzigo kwenye safari ile, ni nani atakutwisha tena? Mwanaume mmoja alisema, bila kusimama, "Gari wanalo wao, bado wanataka na mikono yetu." Alisema kwa lugha yetu. Anuar hakuelewa, akamshukuru.

Na mbele, juu ya vichwa vya watu, niliona kofia ya Shilinde ikigeuka kurudi.

Mama alikuja upande wa mtaroni. Kabla ya uso niliutambua mwendo, ule wa kulalia upande wa kushoto kidogo, ambao ulikuwa wake tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa amekonda. Alibeba bunda kichwani, na juu ya bunda jembe lisilo na mpini. Alikuwa ameshamwona Anuar. Akamtazama, akalitazama gari, kisha akanitazama mimi ndani ya gari. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na kwa kutobadilika kule nilijua kwamba ameona kila kitu, hata ile kofia inayokuja.

Alitua bunda lake kando ya gurudumu.

Anuar alisimama wima. Kisha akainamisha macho, kama alivyoyainamisha siku zote mbele yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, kijana," mama akajibu kwa Kiswahili, kama anamjibu mtu wa njiani.

Alikuja kwenye kioo changu. Nilikishusha chote. Neno la kwetu lilikuwa limeshanifika mdomoni, neno la mtoto, la kumwita mama yake. Aliwahi yeye.

"Usirie, mama," alisema. "Gari ritawaka."

Aliniita mama, kama mwanamke yeyote sokoni anavyomwita mwanamke mwingine asiyemjua. Maishani mwangu mwote hakuwahi kusema nami neno moja la Kiswahili. Alikiokota Benaco sokoni, akiuza ndizi, na nilijua kwamba ni kidogo sana, na kwamba pale dirishani alikuwa anakitumia chote. Mkono wake ulikuwa juu ya ukingo wa mlango. Nilitaka kuushika. Niliweka wangu karibu yake, basi, kidole kwa kidole, na ndipo Shilinde akafika.

"Bibi, endelea na safari."

"Nasukuma kwanza," mama akasema. "Gari rikikaa hapa, mimi napita wapi?"

Shilinde alimwangalia. Alimwangalia Anuar, mikono yake myeusi ya grisi, akaniangalia mimi na machozi yangu. Kama alielewa, sikuwahi kujua. Aliirusha bunduki mgongoni, akapaza sauti: "Haya, wenye nguvu, wekeni mizigo chini! Tulitoe hili!"

Mzigo mmoja ulipokuwa umeshatuliwa, mingine ilituliwa kwa urahisi. Wakaja. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma niliwaona wakijipanga: wanaume kadhaa, Shilinde mwenyewe pembeni, na katikati, kwenye kioo cha nyuma cha gari, viganja viwili vya mama yangu vikiwa vimebandikwa, na kichwa chake kimeinama kati ya mikono.

Anuar alikuwa kwenye nguzo ya mlango wangu, bega lake likinigusa. "Gia ya pili. Klachi chini. Usiachie mpaka niseme."

Gari likasogea. Lilisogea kwa shida mpaka kilele cha kile kilima, kisha likajiongeza lenyewe, na watu wa mbele wakaanza kupisha.

"Achia!"

Niliachia. Gari lilishtuka, likagoma. Nikakanyaga. "Tena!" Likashtuka, likakohoa. "Tena, Swabaha!" Likawaka. Nilikanyaga mafuta na pedali ikabaki chini, haikurudi. Ile kebo ilikuwa imeyeyuka ndani. Injini ililia kama mnyama. Kigari kikaruka, watu wakatawanyika huku na huku, Anuar akakimbia akazunguka, akafungua mlango wa pili, akajitupa ndani.

"Usisimame! Likizima haliwaki tena!"

Nilitazama kwenye kioo. Waliotusukuma walikuwa wamesimama barabarani, mikono inaning'inia. Mama alikuwa ameinama kando ya mtaro. Mwanamke mmoja alimsaidia kuinua bunda, wakalipandisha pamoja, na mama akalikalisha vizuri kichwani kwa mkono mmoja. Kisha watu wakafunga nyuma yetu na sikuona tena.

Tulikwenda. Anuar alinyoosha mguu chini ya dashibodi akawa anaivuta ile pedali kwa ncha ya kiatu kila nilipohitaji kupunguza mwendo.

"Alisema nini?" akaniuliza, baadaye.

"Alisema gari litawaka."

Taa ya betri ilikuwa imezimika. Ya oili imezimika. Mshale wa mafuta umetulia mahali pake. Sijapata kuona dashibodi safi kama ile.

Kwenye njia panda kulikuwa na kamba na askari wengine. Niliwasha indiketa ya kushoto. Askari mmoja aliinama, akamwona Anuar na mikono yake ya grisi, akaniona mimi nimeshika usukani, na nadhani kilichoniokoa ni hicho, kwamba hakuwa ameona siku ile mkimbizi anayeendesha gari. Alishusha kamba. Barabara ya Ngara ilikuwa tupu kabisa. Migomba, nyumba, mbuzi amefungwa kwenye kigingi. Utupu ule uliniogopesha kuliko watu.

Nyumbani niliingiza gari uani, likajizimia lenyewe, na sikuweza kuachia usukani. Mama mkwe alitoka na mikono yenye unga. Anuar alimwambia maneno mawili. Mama mkwe aliufungua mlango wangu, akachukua kigoda, akaketi pale karibu na miguu yangu, akaninawisha uso kwa maji ya kwenye kata mpaka vidole vyangu vikalegea vyenyewe.

Baada ya hapo sikutoka kwenye ule ua kwa muda mrefu. Geti lilikuwa wazi kutwa; baba mkwe wangu, Mzee Makame, aliagiza lisifungwe kabisa mchana, ili nizoee. Niliona barabara, niliona watu wakienda sokoni. Nilifika mpaka kwenye kizingiti na miguu ikakataa. Niliposikia gari likisimama nje niliingia chumbani nikasukuma komeo. Nilikuwa nimepata nyumba yenye mlango, kama mama alivyotaka, na mlango ulikuwa umenimeza. Usingizini nilikuwa bado nimekaa mbele ya lile bati jekundu, sauti inaniuliza tena na tena zipi zimewaka.

Habari zilikuja kupitia kwa dereva mmoja wa malori aliyekuja kwa Anuar na taa za breki zilizokufa. Alikuwa ametoka ng'ambo ya daraja. Alisema kwenye soko moja huko, upande wa Kibungo, kuna mama mwenye maharage ambaye humwuliza kila dereva wa Tanzania kama anamjua fundi wa taa wa Ngara, na kama mke wake ameshazaa. Anuar aliacha lori lile limefunguliwa vilevile akaja mbio ndani kuniambia. Siku ile nilitoka nje ya geti. Nilikwenda mpaka karakana yake, nikamsalimia yule dereva, nikampa jibu la kupeleka.

Ilipita miaka kabla sijavuka. Nilivuka na binti yangu wa kwanza, alipokuwa ameanza shule. Mama alikuwa na nyumba ya udongo kwenye kilima kilekile tulichokikimbia, na shamba dogo la maharage linaloteremka hadi bondeni. Alikuwa amezeeka, lakini si kama nilivyoogopa. Tulilia tulivyolia. Kisha akanipa ungo, akaketi, tukaanza kumenya maharage, na ndipo nikasema lile nililokuwa nimelibeba.

"Mama, sikusimama."

"Ungesimama ningekupiga."

"Nilikuona ukiokota mzigo wako. Nilikuacha barabarani."

Alisita, ganda mkononi. Alinitazama kama aliyesikia neno la lugha asiyoijua.

"Uliniacha?" alisema. "Mimi nilikuwa nakwenda kwangu. Tangu mwaka wa kwanza nilitaka kurudi, nani angethubutu kulisema hilo kambini? Nilisikitika kwa namna walivyotuswaga, nilisikitika kwa waliokufa njiani. Lakini lile daraja nililivuka natembea haraka." Alirusha maharage kwenye ungo. "Wewe ndiye uliyebaki, Ineza. Mimi nilikuwa nakulilia wewe."

 Chini bondeni mtu alikuwa akilima. Tulimenya.

"Wanakutunza?"

"Wananitunza."

"Na huyu," akamwelekezea kidevu mwanangu, aliyekuwa akimfukuza jogoo uani, "anaisema lugha yetu?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nilimwita. Nikamwambia amwamkie bibi yake kama nilivyomfundisha. Alisimama mbele yake, mikono nyuma, akaamkia, akataja jina lake, na la baba yake, na mahali anapotoka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsahihisha neno moja, na mtoto akalirudia.